Goma: siku tuliyoziba tobo katika kompyuta iliyoshika majina yenu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi munaosoma kwenye simu huko munakokaa kwa watu waliowapokea, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya makala sokoni Virunga. Nataka kuwasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisema hewani. Lilitokea mwezi wa kwanza mwaka 2015, katika kompyuta ya redio yetu ya mtaa. Linawahusu wengi wenu, kwa sababu majina yenu yalikuwa ndani yake.

Baadhi yenu munakumbuka kipindi cha kutafutana. Kilianza Novemba 2012, wakati vita vilipofika Kibumba na Kibati, na watu waliokuwa wamekusanyika Kanyaruchinya wakatoka kwa mbio kwenda upande wa Mugunga. Katika mbio hizo watoto walipotezana na mama zao. Wazee walibaki njiani. Watu wakaanza kuja mlangoni mwa studio, mmoja mmoja kisha kwa makundi, wakisema: natafuta kijana wangu wa miaka tisa, natafuta bibi yangu, natafuta mume wangu aliyekuwa anafuata nyuma na mbuzi. Tuliandika katika daftari, na jioni tukasoma majina hewani. Daftari zilipojaa tukahamisha kila kitu ndani ya kompyuta.

Mimi ndiye niliyeandika sehemu kubwa ya orodha hiyo. Niliuliza jina la anayetafuta na la anayetafutwa, kijiji walichotoka, nambari ya simu, na mahali mtu analala: kambi gani, hema la ngapi, au kama ni mjini, kwa nani na nyumba iko wapi. Niliona kwamba kadiri ninavyouliza mengi ndivyo ninavyosaidia.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Rutshuru. Alimtafuta mtoto wake wa kike. Alinipa kila kitu, lakini nilipofika kwenye swali la mahali anapolala akanyamaza.

"Andika jina la mtoto, mama," akaniambia. "Ninapolala ni pangu."

Nikamweleza kwamba mtoto akipatikana usiku, lazima tujue pa kumpeleka. Akanitazama kwa muda.

"Wale waliotutoa nyumbani nao wana masikio."

Nikamwambia kwamba hiyo sehemu haisomwi hewani, inabaki ndani ya mashine. Mwishowe akasema, kwa sababu alimtaka mtoto wake kuliko kitu chochote. Nikaandika jina la avenyu, na kwa kuwa nyumba za pale hazina namba, nikaandika pia rangi ya mlango.

Ile mashine ilitengenezwa na kijana mmoja wa hapa kwetu, fundi mzuri, ambaye baadaye alikwenda Ulaya kusoma. Aliweka mfumo wa Debian 7, ambao ni wa bure, kwa sababu redio haikuwa na pesa ya kununua leseni, na kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa nzee. Ndani yake aliweka pia programu ya kupokea barua-pepe, inayoitwa Exim, ili wenzetu wa Masisi, Walikale na Rutshuru watutumie habari moja kwa moja. Antena ilikuwa juu ya paa, na kamba yake ilishuka ukutani mpaka nyuma ya mashine. Orodha ya kutafutana na barua za waandishi vilikaa katika kompyuta hiyo moja. Hatukuwa na nyingine.

Sasa turudi kwa Januari 2015. Tarehe 19 maandamano yalianza Kinshasa kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi, na hapa Goma pia watu walitoka barabarani. Tarehe 20, kwa amri ya serikali, intaneti na ujumbe mfupi wa simu vikakatwa nchini. Munakumbuka siku zile. Ilibaki sauti tu, kama zamani. Ukitaka kumwambia mtu neno unanunua unite na kumpigia, na kila mmoja alikuwa anapiga.

Kwa njia hiyo ndipo fundi wetu alinipata. Ilikuwa jioni ya tarehe 28, nikitayarisha habari ya saa moja. Simu ikalia na nambari ya Ulaya.

"Yaya, ile mashine ingali inafanya kazi?"

"Ingali."

"Antena?"

"Imekatwa kama kwa watu wote."

"Vizuri sana," akasema, na mimi nikashangaa, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akifurahia ile hali. "Sasa nenda nyuma ya mashine, chomoa kamba ya antena, kisha rudi tuongee."

Nikaenda nikachomoa. Niliporudi akanieleza, na kwa kuwa dakika za simu kutoka Ulaya ni za bei, alieleza kwa haraka. Nitajaribu kuwaeleza polepole.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu nyingi: ya kuandika, ya kupokea barua, ya kupiga muziki. Lakini kuna kazi ambazo zote zinazihitaji, kama kufungua faili, kuhesabu, au kutafuta anwani. Badala ya kila programu kujitengenezea, zote zinachota kazi hizo mahali pamoja panapoitwa maktaba. Katika mfumo kama wetu, maktaba ya chini kabisa, ile inayobeba karibu zote, inaitwa glibc. Fundi aliniambia: "Ni kama bomba la maji la mtaa, yaya. Kila nyumba ina sufuria zake, lakini maji ni ya bomba moja. Bomba likiharibika, hakuna nyumba inayoweza kusema mimi hainihusu."

Siku moja kabla, tarehe 27 Januari, watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta inayoitwa Qualys walikuwa wametangaza kwamba katika bomba hilo kuna tobo. Walilipa jina la GHOST, maana yake mzimu, kwa sababu lilikaa katika kazi inayoitwa gethostbyname, na herufi hizo zimo ndani ya jina hilo. Kazi hiyo inapewa jina la mashine fulani na inarudisha anwani yake ya tarakimu, kama vile wewe unavyotafuta jina katika simu ili upate nambari.

Kabla haijaenda kuuliza mbali, kazi hiyo inaangalia kwanza kama jina iliyopewa ni tarakimu na nukta tupu. Kama ndivyo, haina haja ya kuuliza: inanakili tu. Ili inakili, inapima nafasi inayohitaji katika kumbukumbu ya mashine. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Walioandika hesabu hiyo walijumlisha vitu vitatu, na cha nne wakakisahau.

Sisi watu wa Goma tunaelewa jambo hili bila kwenda shule ya kompyuta. Mtu ananunua parsele. Fundi wa kujenga anapima chumba, anapima jiko, anapima choo, anasahau unene wa ukuta. Anaanza kujenga. Nyumba inaingia, lakini ukuta unamwagikia kwa jirani. Kesi ngapi tumezitangaza hapa zilizotoka katika kipimo kama hicho? Ndani ya kompyuta ukuta huo ulimwagika kwa baiti 4 katika mashine za aina moja, na baiti 8 katika zile za aina nyingine. Ni kidogo sana. Herufi nane tu. Lakini mwenye ujanja akijua ni nani anayekaa upande wa pili wa ukuta, herufi nane zinamtosha.

Waliogundua tobo walitengeneza jaribio lao kuonyesha hatari yake. Programu waliyoichagua kwa jaribio hilo ilikuwa Exim, ileile yetu. Mtu aliye mbali anaituma salamu iliyotengenezwa kwa hila, na anapata amri juu ya mashine nzima. Hakuna barua ya kufungua wala kitufe cha kubofya. Mwenye mashine anaweza kuwa amelala.

"Lakini si Exim zote," fundi akaongeza, na sauti yake ikashuka. "Ni zile zilizowekewa ukaguzi wa ziada. Zile zinazohakikisha jina la mashine inayopiga hodi."

"Na yetu?"

"Yetu niliiwekea mimi mwenyewe. Ili barua za uongo zisiingie."

Tulinyamaza wote wawili, na dakika zikiendelea kuliwa. Alikuwa ameweka mlinzi mlangoni wa kuuliza kila mgeni jina lake, na kumbe mgeni mwenye jina refu lililopimwa vizuri angepita katika kinywa cha mlinzi huyohuyo.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Tobo lilikuwamo tangu Novemba 2000, katika toleo la 2.2 la maktaba hiyo. Na lilikuwa limeshazibwa: tarehe 21 Mei 2013 waandishi wa glibc walirekebisha hesabu ile. Lakini waliirekebisha kama kosa la kawaida. Hakuna aliyeandika kwamba ni jambo la usalama. Ni kama mtu aliyepita akaona ukuta umepinda, akaunyoosha, akaenda zake bila kuwaambia majirani kwamba mwizi angeweza kupita pale. Mifumo mipya ikapata marekebisho hayo. Mifumo inayopendwa kwa utulivu wake, ile isiyobadilishwa ovyo, ikabaki na kosa: Debian 7 yetu, Ubuntu 12.04, na ile ya Red Hat inayotumika katika ofisi kubwa duniani. Kwa hiyo hatukuwa peke yetu. Lakini siku ile nilijiona niko peke yangu na orodha ya watu waliojificha.

Maana nilikuwa nimemwahidi yule mama. Nilisema inabaki ndani ya mashine.

Kiraka kilikuwa tayari. Debian walikitoa siku ileile ya tangazo. Kwa mtu mwenye intaneti ni kazi ya dakika chache. Sisi hatukuwa nayo. Na fundi alinionya: intaneti inaweza kurudi saa yoyote, hata usiku wa manane, na kama kamba imechomekwa, mashine itasimama tena mbele ya dunia na tobo lake kabla sisi hatujaamka.

Asubuhi nikamweleza direkta wetu. Ni muzee mwenye busara, lakini wiki nzima alikuwa hajapata habari kutoka teritware, na alisubiri barua za waandishi kuliko chakula.

"Yaani intaneti ikirudi, redio yote inapokea, sisi tunafunga mlango?"

"Siku moja au mbili tu, muzee."

"Na kama hakuna anayetutafuta sisi? Sisi ni nani?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu kwamba sisi si kitu, lakini orodha ni kitu. Mtu anayetaka kujua ni nani aliyetoka kijiji fulani na sasa analala wapi, hahitaji kupita mahema yote. Anahitaji faili moja. Muzee akakaa kimya, kisha akasema niende haraka. Nilipotoka nikaichukua kamba ya antena, nikaikunja, nikaitia mfukoni, ili asije mtu akairudisha kwa kunisaidia.

Munajua njia ya watu wa Goma siku zile: ukikosa intaneti kwako, unavuka bariera ndogo. Nilichukua kadi yangu ya uchaguzi na flashi mpya, nikapanga mstari pamoja na mama wenye mabeseni ya nyanya na vijana wenye mizigo, na wengine kama mimi waliokuwa wanakwenda Gisenyi kusoma barua zao tu. Ng'ambo nikaketi katika chumba cha intaneti. Fundi akanipigia, akanitajia faili nne. Ukubwa wao wote haukupita nyimbo tatu nne za kwenye simu. Nilikuwa nimewaza kitu kikubwa kama gari.

Nilipotaka kuinuka akanizuia.

"Bado. Umechota kwenye kompyuta usiyoijua, na flashi yako imegusa mahali usipopajua. Lazima tujue kwamba ulichobeba ndicho walichotuma."

Kila faili ina alama yake inayotokana na hesabu ya yaliyomo ndani. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote inabadilika. Ni ndefu, herufi na tarakimu 64. Aliniambia nitazihesabu studioni, si pale, maana kompyuta ya mtu mwingine inaweza kukuambia uongo. Nikavuka kurudi kabla ya giza.

Jioni ile, baada ya habari, tulisoma alama zile kwa simu, yeye kule na mimi huku, kama watu wawili wanaosoma namba za kadi ya unite. Herufi nane za mwanzo, nane za mwisho, faili ya kwanza. Sawa. Ya pili. Sawa. Ya tatu nikakosea kusoma, na moyo ukaruka, kisha nikasoma tena. Sawa. Zote nne zilikuwa sawa.

Ikabaki umeme. Fundi alikuwa amesema jambo ambalo liliniogopesha kuliko tobo lenyewe: maktaba hii inabebwa na kila kitu, hata programu ya kunakili faili inaitegemea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza isiwake tena. Na munajua umeme wetu. Nikanunua lita mbili za esansi kwa pesa yangu, tukawasha grupu ijapokuwa umeme wa mji ulikuwapo, tukaunganisha mashine na grupu. Kabla ya yote nikanakili orodha yote kwenye diski nyingine, direkta akaifungia ndani ya sanduku lake la chuma.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko mstari wa bariera. Nikaandika amri alizonisomea, maneno yakapita kwenye kioo, kisha mashine ikanyamaza ikiningoja. Nikamwuliza kama tumemaliza.

"Bado. Lazima uizime na kuiwasha."

Kwa nini, wakati kiraka kimeshawekwa? Akarudi kwenye bomba lake. Bomba limetengenezwa, lakini wale waliochota asubuhi wangali na maji ya zamani ndani ya bidon zao, na wanaendelea kuyanywa. Programu ikiwaka inachukua nakala ya maktaba, na inabaki na nakala ile mpaka itakapozimwa. Exim yetu ilikuwa imewaka kwa miezi mingi. Ilikuwa na bidon yake. Baadaye nilisikia kwamba hapo ndipo wengi duniani hukosea: wanaweka kiraka, wanaona namba mpya, wanakwenda kulala, na programu zinaendelea na maji machafu.

Nikaizima. Kioo kikawa cheusi. Grupu ililia uani, na mtangazaji wa usiku alisimama mlangoni akiniuliza kwa macho. Sijui ilikuwa dakika moja au tatu. Kisha maandishi meupe yakaanza kushuka, moja baada ya lingine, na mashine ikaniomba jina langu na neno la siri. Nikauliza namba ya maktaba kama nilivyoagizwa. Ikajibu 2.13-38+deb7u7. Fundi alinifanya niisome mara mbili, hasa ile saba ya mwisho.

"Sasa unaweza kulala, yaya," akasema.

Sikulala. Kiraka kinafunga tobo kuanzia leo. Hakisemi ni nani aliyepita jana. Siku zilizofuata fundi aliniongoza kusoma kumbukumbu za mashine, kurasa nyingi za saa na namba, tukitafuta salamu ndefu zisizo za kawaida. Hatukuona kitu. Lakini mtu aliyeingia akapata amri yote anaweza pia kufuta nyayo zake. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba hatukuona kitu, na neno hilo siwezi kuliongeza.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama orodha kwa macho mengine. Nilikuwa nimemlaumu moyoni mtu aliyesahau kitu cha nne katika hesabu yake mwaka 2000, na kisha fundi wetu na ukaguzi wake wa majina. Lakini nani aliyeandika rangi ya mlango? Hakuna mdukuzi aliyeniomba niandike. Tulikuwa na familia zilizokwisha kupatana zamani, na bado hema lao lilikuwa limeandikwa. Tulikuwa na watu waliorudi kwao, na mahali pa kulala pa mwenyeji wao pangali pale. Ile kazi ya kompyuta ilimwaga herufi nane. Mimi nilikuwa nimemwaga zaidi.

Nikamwomba direkta ruhusa, tukafanya mambo matatu. Tulifuta kabisa habari za kila aliyekwisha kupatana na mtu wake. Kwa waliobaki, tulifuta mahali pa kulala, tukaacha nambari moja ya simu, na kama mtu hana simu, jina la mtu anayemwamini ambaye tunaweza kumfikia. Na orodha tukaitoa katika mashine ya barua-pepe, tukaiweka katika kompyuta ndogo ya zamani isiyojua antena ni nini. Ile diski ya sandukuni nayo tuliisafisha.

Intaneti ya simu ilianza kurudi mwanzoni mwa mwezi wa pili. Antena yetu ilipofunguliwa nikaitoa kamba mfukoni mwa koti, ambako ilikuwa imekaa siku zote hizo, nikaichomeka mwenyewe. Barua za Masisi na Walikale zikaingia zote kwa pamoja. Muzee direkta alizisoma amesimama.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Februari 2016, tangazo lingine lilitoka: tobo jingine katika maktaba ileile, safari hii katika kazi inayoitwa getaddrinfo, ambayo nayo inatafuta anwani. Walioliona walikuwa watu wa Google na wa Red Hat, kila upande kwa njia yake, na lilikuwamo tangu mwaka 2008. Safari hiyo intaneti ilikuwapo. Nilinunua esansi, nikaweka kiraka, nikazima, nikawasha. Sikuhitaji kumwamsha mtu Ulaya.

Ninawaambia haya kwa sababu wengi wenu mumebeba kompyuta mfukoni. Julai 2015, watafiti walitangaza kasoro katika maktaba ya simu za Android inayofungua video, inayoitwa Stagefright. Ujumbe wa picha uliotengenezwa kwa hila ulitosha kuishambulia simu. Viraka vilitolewa, lakini simu nyingi za zamani hazikuvipata. Basi simu yako ikikuambia kuna toleo jipya la mfumo, usiliahirishe mwaka mzima kwa kuhurumia mega. Lichukue kutoka ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, kamwe si kutoka kiungo ulichotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Chaji betri kwanza. Na ikimaliza, izime na uiwashe. Kama simu yako ni nzee na haipokei tena viraka, usiweke ndani yake kitu ambacho adui yako akikisoma utalazimika kuhama.

Na mukija studioni kutafuta mtu, tutawauliza machache kuliko zamani. Musidhani ni uvivu.

Nilimtafuta yule mama wa Rutshuru nimweleze. Sikutaka asikie kwa mwingine. Nilimkuta kwenye ule mlango ulioandikwa, akichambua maharagi. Binti yake hakuwa amepatikana. Nikamwambia kila kitu: tobo, kiraka, kwamba hatukuona nyayo za mtu, na kwamba siwezi kuapa. Nilingoja anilaumu. Aliendelea kuchambua, akitupa mawe pembeni.

"Jina la mtoto lingali mle?"

"Lingali, mama. Tunalisoma kila Jumatano."

"Basi hilo liache. Mlango wangu ufute."

Nikamwambia umekwisha kufutwa. Akanisogezea kiti, na nikakaa kumsaidia mpaka maharagi yakaisha.